Dirisha la Jadwiga

Kila mwaka Chama cha Wapenda Sanaa kilinunua picha za wachoraji wa mji, kisha wanachama wakazichezea bahati nasibu. Mwaka huu picha kubwa kuliko zote, ya shamba la ngano, ilimwangukia Jadwiga, mfua nguo.

"Mama, chumba chako hakina ukuta wa kuitosha," alisema katibu. "Tuiache hapa ukumbini."

"Hapa wanaingia wanachama tu. Nitaiweka dirishani."

"Itakuzibia mwanga!"

"Mwanga nimeuona miaka sitini, mwanangu."

Aliitundika ikitazama mtaani. Wapita njia wakasimama na vikapu vyao, vinywa wazi. Ndani, Jadwiga aliwasha mshumaa mchana kweupe, akaketi nyuma ya picha, akisikiliza jinsi wanavyonyamaza.