Kipimo cha Twiga

Mwaka ule jua lilipokausha hata mate ya chura, porini kilibaki kidimbwi kimoja tu. Twiga akajitwika usimamizi, akatangaza: "Mrefu anakunywa kabla ya mfupi. Wakilingana, aliyewahi kufika atangulie."

Nyegere, ambaye shimo lake lilikuwa jirani na maji, alikuwa akiwahi kuliko wote, na bado jioni aliambulia tope. Wanawe wakaanza kupasuka midomo kwa kiu. Basi asubuhi moja akamkabili Twiga, kifua mbele.

"Rudi mwisho, kifundo cha mguu wewe!" Twiga akafoka.

"Sirudi ng'o. Tupimane kwanza."

Wanyama wakaangua kicheko. "Upimane na mimi?" Twiga akauliza.

"Na wewe, mzee. Ila hapa tumekuja kunywa, hatukuja kuchuma majani ya mgunga. Weka mdomo majini, nami niweke wangu, tuone kichwa cha nani kiko juu."

Twiga hakutaka kuonekana mwoga. Akatanua miguu, akainama, na ile shingo ya majivuno ikashuka yote mpaka mdomo ukagusa maji. Nyegere akagusa ubavuni pake. Vichwa vikawa sawasawa.

"Tumelingana," akasema Nyegere. "Nani kawahi kufika?"

"Nyegere!" Swala akapaza sauti kutoka nyuma, na wafupi wote wakaitikia.

Twiga akahangaika kuikusanya miguu ainuke, amkanyage. Nyegere hata hakusogea. Aliwaita wanawe, akamwambia Twiga, "Sheria ni yako, mzee. Sisi tunakunywa tu."