Hewa Nyuma ya Pazia

Tumpale aliporudi kutoka sokoni alikuta madirisha yote yako wazi na feni inazunguka kwa kasi, ilhali Tukuyu siku hiyo kulikuwa na baridi ya kutetemesha meno. Mumewe, Lutengano, alikuwa ameketi sebuleni na koti lake.

"Kuna joto gani humu, baba Neema?"

"Ni moshi tu. Uji uliungua."

Lakini jiko lilikuwa baridi. Siku hizo kila sebule ilikuwa na kamera iliyopiga maelfu ya picha za hewa kila sekunde, na kwa kufuata vumbi linavyozunguka iliweza kusoma maneno yaliyotamkwa hata saa nzima iliyopita. Aliyetaka neno lake lipotee aliivuruga hewa. Na getini Tumpale alikuwa amepishana na wifi yake, macho mekundu, akapita bila salamu.

Lutengano alipokwenda kuoga, Tumpale aliiwasha kamera. Picha nzima ilikuwa vurugu tupu, isipokuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumbani, ambako upepo haukufika. Hapo hewa ilikuwa bado inajizungusha taratibu, na kamera ikayasoma maneno ya mumewe: "Daktari amesema nimebakiza miezi michache. Tumpale asijue."

Akalishika pazia, akalikung'uta mpaka maneno yakafutika, kisha akafunga madirisha.

"Moshi umeisha?" Lutengano aliuliza akitoka bafuni.

"Umeisha."

Akachukua taulo, akamkausha mgongo, akijihadhari apumue polepole, maana hata kwikwi ya kilio ingebaki hewani.