Mdomo Usiotulia

Siku watu wa kijana walipokuja kumposa Raya, mama yake, Bi Mwanakombo, aliketi mkekani akiwa amebana midomo kwa nguvu zake zote. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akimeza vidonge vya maradhi ya akili. Mwaka uliopita daktari alimpunguzia kidogo kidogo hadi akaviacha, na kichwa kikabaki salama. Lakini mdomo haukumtii tena. Ulitafuna pasipo chakula, na ulimi ulichungulia nje na kurudi. "Huenda ukatulia," daktari alimwambia. "Huenda usitulie."

Kahawa ilipoletwa ilimbidi afungue mdomo anywe, na hapo ukamponyoka.

Bi Asila, mama wa kijana, alikuwa akimsifu mwanawe. Akanyamaza ghafla. "Mwenzangu, mbona wanibeulia midomo?"

"Mama ana jino bovu," Raya akawahi kusema.

Bi Mwanakombo alimtazama bintiye. Uongo ule ungefaa leo, lakini siku ya harusi je, mbele ya kadamnasi?

"Si jino," akasema. "Niliugua akili, dada yangu, nikapona. Dawa nimeziacha, ila mdomo huu ndio zilioniachia."

Bi Asila alitua kikombe polepole, akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho.

Raya alivua mtandio wake, akapiga magoti, akamfunika mama yake kuanzia puani hadi kidevuni, bila kumtazama machoni. Chini ya kitambaa, mdomo uliendelea kutafuna.