Jenereta la Bi Makundi

"Kwenye vya kukodisha halimo, kwenye vibovu halimo," alisema Bi Makundi kwa sauti ya juu, maana siku hiyo ofisini bila kupaza sauti husikiki. "Sasa bosi, naangalia kwenye vilivyouzwa."

Jina hilo alibandikwa na wenzake, na kusema kweli lilimkaa. Tangu kampuni yao ya kukodisha mitambo imkabidhi mfumo mpya wa kompyuta, hakuna kilichosalimika. Winchi, ngazi, matoroli, hata wateja, kila kimoja kilitiwa kwenye kundi, na kundi nalo likatiwa kwenye kundi lake. Mumewe alilalamika kwamba hata soksi zake nyumbani zimegawanywa, za kazini mbali na za kwendea ukweni.

"Wewe andika jina tu, utaona kitu kilipo," ndivyo alivyomwapia bosi. Leo mteja mkubwa alikuwa njiani na lori lake kuja kuchukua jenereta, lile kubwa kuliko yote, na mfumo ulishikilia jibu moja: halipatikani. Bosi hakuzungusha maneno. Mteja akifika na jenereta halijaonekana, mfumo utatupwa, na mwenye mfumo akatafute kazi kwingine. Bi Makundi akazidi kubonyeza. Kazi hii aliipenda mno.

Mlinzi aliitwa, akaulizwa kama ameona jenereta likitoka getini. Akaapa kwa mama yake mzazi kwamba halijatoka. Alitaka kuongeza neno, lakini Bi Makundi akamnyamazisha kwa kidole. Kwenye mfumo, mlinzi alikuwa kundi la watumishi, si la watoa taarifa.

Dirishani, ng'ambo ya barabara, kinyozi alikuwa amejikalia nje kwenye kiti chake cha kunyolea, mashine yake ya umeme kailaza mapajani, anapiga miayo. Heri yake, aliwaza Bi Makundi, hana kazi wala hana cha kutafuta.

Simu ya bosi ikaita. Alikuwa mteja, amekwisha kufika kwenye kona. Bosi akaziba sikio la pili, akaita haloo, haloo, asiambulie kitu.

"Wewe mlinzi," akafoka, "hebu nenda uani ukazime hiyo kelele, watu tusikilizane!"

Mlinzi akamtazama Bi Makundi, akamtazama bosi, akainua mabega, akaenda zake.

Lilikuwa limebaki kundi moja tu. Bi Makundi akavuta pumzi, akaomba Mungu, akabonyeza.

Uani pakanyamaza. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na feni iliyokuwa juu ya kichwa chake ikazunguka polepole, polepole, mpaka ikasimama.