Mishono Minne

Jumatano, saa tatu asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka. Katika chumba cha mikutano cha hospitali, fundi cherehani aliweka mezani chupa yenye wavu wa upasuaji.

Titi lake lilipokatwa kwa sababu ya saratani, daktari aliyeketi mbele yake alimtengenezea jingine na kulishikilia kwa wavu huo. Kwa miezi saba lilivimba na kutoa usaha. Kila alipolalamika, daktari alimwambia ana wasiwasi tu. Daktari mwingine ndiye aliyeutoa wavu, akaukuta umekunjika.

"Mama, niliuweka ukiwa tambarare," daktari alisema, akimtazama mwenyekiti wa kamati ya hospitali iliyokuwa ikisikiliza malalamiko. "Mwili wako ndio ulioukunja. Hutokea."

"Hutokea," fundi aliitikia. "Hebu nipe kibano, dada."

Muuguzi aliyesimama kando ya meza alimpa. Fundi aliuinua wavu ukichuruzika dawa, akautandaza kwenye trei. Ukingo mmoja ulikataa kukunjuka. Uzi wa buluu ulikuwa umepita katika tabaka zote mbili: mishono minne, kila mmoja na fundo lake.

"Nimeshona miaka ishirini na sita, mwanangu. Mkunjo huu umeshonwa. Mwili wangu uliokota wapi sindano?"

Muuguzi aliziba mdomo asicheke.

Mwenyekiti aliihesabu mishono, kisha akaandika barua ya kumsimamisha daktari kazi. Muuguzi aliupiga wavu picha. Daktari aliomba radhi kwa sauti ya chini. Fundi alifungua mlango wa korido, walikoketi wagonjwa wengine wa daktari huyo, akamwambia arudie.