Kanga Alivyosia Nyanya Kila Asubuhi

Mnisamehe, hekaya hii nitaiharibu. Mimi nikikaribia utamu hucheka kabla ya wasikilizaji.

Masika yalikuwa mlangoni, na Kanga, mama wa vifaranga tisa, hakuwa na mche hata mmoja wa nyanya. Akamwendea jirani yake Nungunungu, mwenye kitalu, huku amefura.

"Mbegu ulizoniuzia zimekufa! Bora ningeagiza za ng'ambo, zile zenye picha kwenye pakiti."

"Pole, shoga. Ulizisia lini?"

"Jumatatu. Na Jumanne. Na Jumatano. Kila asubuhi nazifukua nione kama zimeota, kisha nazifukia tena."

Nungunungu akameza kicheko. Akatoa miche kumi kitaluni, kila mmoja na udongo wake, akaenda kuipanda mwenyewe shambani kwa Kanga. Halafu akajing'oa miiba, akaizungushia miche yote.

"Ahsante, shoga. Uzio huu ni wa kuzuia mbuzi?"

"Ni wa kukuzuia wewe."

Ningemcheka Kanga zaidi, ila jana nilinunua miche kwa mama mwenye kitalu wa mtaani kwetu, naye akaniongezea fungu la miiba bila hata kuniuliza.