Udongo wa Uwanjani

Mama Otieno alifika Saltley, huko ughaibuni alikoishi, na kitambaa cheupe mkononi, akakuta uwanja wa mpira wa chuo cha mwanawe umebomolewa.

Miaka miwili iliyopita mwanawe alianguka humo katikati ya mechi, asiinuke tena. Walimzika Siaya, lakini nyanya yake huko kijijini hajatulia.

"Mlileta mwili tu," husema kwenye simu. "Mwenyewe bado amelala huko alikoanguka. Niletee udongo wa hapo."

Ndege yake ya kwenda kwao ilikuwa kesho yake.

"Udongo utautoa wapi, mama?" mlinzi Mkongomani alimuuliza langoni, kwa upole. "Ile terrain ya kuchezea ilikuwa majani ya plastiki na chembe nyeusi za mpira. Balishabeba yote. Yamebaki mawe."

Mama Otieno alizijua chembe hizo. Kila Jumamosi alimgombeza mwanawe kwa kuzimwaga kwenye zulia kutoka viatuni.

Alirudi nyumbani, akavuta kutoka chini ya kitanda mfuko wa hospitali wenye vitu alivyovaa mwanawe siku ile, ambao hakuwahi kuufungua. Akatandaza kitambaa sakafuni. Akatoa kiatu cha kushoto, soksi ingali ndani, akakigeuza na kukigonga kisigino mara moja, taratibu.